Kalenda ya Shukrani na Bata Mzinga wa Nasimiyu

Jumamosi, 15 Novemba

Wazo langu limepita! Ushirika wetu hapa Kitale utatengeneza kalenda ya shukrani. Kipande cha gunia, mifuko midogo ya vitambaa, kila mfuko na karatasi ya asante ndani. Kila jioni tukikutana kwa maombi tutafungua mfuko mmoja, mpaka Jumapili ya Mavuno, siku tutakayokuwa wageni wa ushirika wa Bungoma. Mama Phelista, mwenyekiti wetu, amesema atasikiliza ni nani anayeshukuriwa zaidi. Huyo ndiye ataongoza msafara.

Kiongozi wa msafara hupewa maikrofoni asalimie mkutano. Na katika mkutano huo ataketi Absalom, kaka wa mke wangu, ambaye tangu nimwoe Nasimiyu huniuliza kila Krismasi, "Shemeji, siku hizi unafanya nini hasa?" Nauza mbegu, Absalom! Anajua nauza mbegu! Siku hiyo atanisikiliza bila kunikatiza.

Ushonaji umenishinda. Nikapewa nambari, nizibandike kwa punje za mahindi. Gundi ikaisha, nikatumia uji mzito. Jirani yangu Gathogo alikata vitambaa vikatoka sawasawa, akapigiwa makofi. Kwa kukata vitambaa!

Jumapili, 16 Novemba

Karatasi zimeandikwa na kutiwa mifukoni. Hakuna kuweka majina. Mama Phelista anasema asante ya kweli haitaki sahihi. Nampenda sana huyu mama. Nimejitolea kuihifadhi kalenda nyumbani kwangu.

Nilichungulia. Ni Gathogo, Gathogo, Gathogo. Ati alisukuma gari la mtu kwenye matope. Ati alimpeleka mtoto wa mtu zahanati. Mimi nimo katika karatasi moja tu, pale iliposema "na wengineo".

Nimetoa tano, nikaweka zangu tano. Nimeandika kwa mkono wa kushoto. Nimezitawanya kwa busara zisije zikafuatana. Ule mfuko wa mwisho sikuuweza. Mama Phelista ameushona mdomo kabisa, ufunguliwe Bungoma.

Jumatatu, 17 Novemba

Kuku wamekula nambari! Zote! Nasimiyu aliuliza ni mtu gani mwenye akili anabandika mahindi kwa uji halafu anaacha mlango wa stoo wazi. Nilitoka kuwafukuza kuku.

Mama Phelista hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tutafungua mfuko wowote, Mungu atapanga mwenyewe. Kisha akaichukua kalenda, ikae kwake.

Maombi yalikuwa kwa Gathogo. Mfuko wa kwanza ukafunguliwa, na wa kushukuriwa ni Gathogo. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na boga kubwa. Mama Phelista akafurahi mno. Akaeleza kwamba kwao Bokoli mtu akishukuriwa mbele ya watu haketi mikono mitupu, naye hutoa kitu. Watu wakasema tuifuate desturi hiyo, vitu vyote viende kwenye mavuno Bungoma. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu.

Jumatano, 19 Novemba

Jana nilishukuriwa. Leo nimeshukuriwa tena. Zile nilizotawanya kwa busara zinafuatana kama siafu.

Jana ilikuwa hekima yangu. Jogoo akaenda. Leo ilikuwa sauti yangu tamu katika nyimbo. Watu walitazamana, lakini Mama Phelista alisema Mungu husikia tusichosikia. Debe la maharagwe likaenda.

Nimemwambia kwamba kalenda inaweza kuliwa na panya, anirudishie niilinde. Amesema yeye ana paka.

Ijumaa, 21 Novemba

Bata mzinga ameenda.

Alhamisi nilitoa koti langu, hilo nalivumilia. Lakini leo karatasi ilisema nilimjengea mjane ua bila malipo, na watu walipiga makofi mpaka nikaona aibu kutoa kitu kidogo. Bata mzinga ni wa Nasimiyu. Alikuwa akimlisha kwa mkono miezi yote hii, ampelekee Absalom. Tulipofika nyumbani akauliza ni mjane gani huyo, maana ua wetu umelala chini tangu Machi. Nilisema mambo ya sadaka hayatangazwi.

Jumatano, 26 Novemba

Karatasi yangu ya tano. Niliiweka ili nisionekane najisifu: "Bwana Gathii ni mnyenyekevu, hapendi kabisa kujitanguliza."

Nilitoa jembe. Jembe zuri! Halafu Mama Phelista akatangaza kwamba aliyeshukuriwa zaidi ni mimi bila shaka. Nikaanza kuinuka. Akanizuia kwa mkono. Akasema, "Si mmesikia wenyewe? Huyu ni mtu wa kukaa nyuma. Tusimtese bana." Gathogo ataongoza msafara.

Nimeuma ulimi wangu mwenyewe. Sijui nimlaumu nani.

Jumapili, 30 Novemba

Bungoma. Gathogo alishika maikrofoni akasalimu mkutano, akasifia hata miwa yao. Vitu vikapelekwa mbele. Absalom akaja kumshika mkono Gathogo, akampongeza kwa kuleta bata mzinga mnono hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale! Nasimiyu alitazama dirishani.

Kisha Mama Phelista akakata nyuzi za mfuko wa mwisho, akasoma: "Namshukuru Mungu kwa mume wangu Gathii. Ana mipango mingi na yote huharibika. Lakini mvua ikinyesha, huja kunichukua sokoni na mwavuli, na hajawahi kukosa."

Kanisa lililipuka kwa makofi. Absalom alisimama. Alisimama! Nilimtazama Nasimiyu naye akatazama viatu vyake. Ilikuwa ya kweli na sikuiandika mimi.

Wakanipa maikrofoni. Ningesema asante nikaketi. Mtu yeyote angesema asante akaketi. Lakini Absalom alikuwa ananitazama, na desturi ni desturi. Nikaahidi ndama.

Ng'ombe ni wa Nasimiyu. Ndama mwenyewe hajazaliwa.

Jumatatu, 1 Desemba

Nasimiyu haongei nami. Amesema jambo moja tu: kwamba angejua mapema ningetoa ndama wake, angeushukuru mwavuli peke yake.

Hata hivyo, habari njema! Absalom amepiga simu. Ushirika wa Bungoma unataka kalenda kama yetu kabla ya Krismasi, na ameniomba mimi, si Gathogo, niwaandalie. Nimefurahi sana. Safari hii nambari nitaandika kwa rangi, maana mtu hujifunza kutokana na makosa.

Mifuko iko tayari. Ili kuwapa moyo wa kuanza, nimewaandikia karatasi ya kwanza mimi mwenyewe: "Namshukuru Mungu kwa shemeji yangu Gathii."