Mama Mkwe Azuru Kisumu kwa Mfuko Mwepesi

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Siku kubwa. Nimepata kazi. Bado sijaambiwa kwamba nimeipata, lakini nimeipata.

Habari imefika kutoka Webuye. Kwaya ya akina mama wa kanisa la mama mkwe wangu inakuja Kisumu Jumamosi kwa basi la kukodi. Wengi wao hawajawahi kuliona ziwa. Wanatafuta mtu wa kuwatembeza mji mzima kwa gharama ndogo. Beldina, mke wangu, alikuwa ameshamfikiria Obeid, jirani yetu hapa Kaloleni. Obeid hutembeza wageni wa msikitini, huvaa kanzu safi, na kila mtu humpenda. Inachosha.

Nikasema, kwa nini mtafute mtu wa nje na nyumbani kuna mwanamume? Nimezaliwa Kisumu. Najua kila kichochoro kisicholipiwa. Beldina akasimamisha cherehani. Akanikumbusha hasara ya biashara yangu ya vifaranga vya Ahero. Nikamwambia vifaranga ni jambo moja na utalii ni jingine.

Kisha akaniambia polepole: "Baba Lornah, huyo ni mama yangu. Tangu harusi hajanisifia hata kivuli chako. Ukiniaibisha mbele yake, nitapanda basi lao nirudi nao Webuye, nikae huko mpaka moyo utulie."

Moyo wa Beldina huchukua muda kutulia. Sikulala mchana kama kawaida yangu.

Tatizo moja. Mkwe hasogei karibu na mama mkwe. Hali naye meza moja, hamtazami usoni, hakai naye penye kiti kimoja wala benchi moja. Miaka yote hii mimi na mama mkwe wangu, Mama Nabututu, hatujawahi kusemezana neno. Sasa nitamwonyeshaje mji mtu nisiyeweza kusimama karibu naye?

Jibu limenijia nikinywa chai. Nitatangulia mbele, nimempa mgongo, nikitumia kipaza sauti cha mkononi. Muuza sumu ya panya pale soko la Jubilee anacho. Ataniazima. Mimi ni mtu wa kufikiri.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimezunguka mji mzima kwa miguu kutafuta mazuri ya bure. Yako mengi kuliko nilivyodhani. Mnara wa saa ni bure. Barabara inayoteremka bandarini ni bure, na miti yake hukupa kivuli kama mwavuli wa tajiri. Kule mwisho unaona meli kuukuu zimepumzika, na nyuma yake maji, maji, maji. Nimezaliwa hapa na bado nilisimama nikatazama kama mgeni.

Shauri la kwanza kwa msafiri mwenye mfuko mwepesi: fika Kisumu ukiwa umeshiba, kwa sababu harufu ya ngege, samaki wa ziwa letu, wakikaangwa itakufilisi.

Kule kwenye hifadhi ya swala kuna kiingilio. Lakini ukipita barabara ya Dunga unawaona swala kupitia uzio, wazuri vilevile, tena wamekugeuzia upande wao mzuri. Nimeiandika kwenye ratiba.

Kiboko Point hakuna shida, ziwa ni la Mungu. Viboko wenyewe hawakuwapo. Nimewaahidi akina mama kiboko. Nitalifikiria.

Boti nimepata kwa Dishon, mvuvi wa Dunga. Nilitaka mbili, ili mama mkwe apande moja na mimi nyingine, kama heshima inavyotaka. Kisha nikaona moja inatosha iwapo nitakaa mbele kabisa nikitazama maji. Dishon akakiri kwamba boti inavuja, ila kidogo, na upande mmoja tu. Nikaona uaminifu wake unafaa kutuzwa.

Nilikutana na Obeid nikirudi. Akanisalimu kwa upole wake ule. Akasema amesikia nina wageni, akanitakia heri, kisha akanishauri niwapeleke ziwani asubuhi. Mchana upepo hugeuka na kusukuma magugu maji mpaka ufukweni, na boti hunaswa. Nikamshukuru sana.

Bila shaka anataka niharibu ratiba yangu. Mshindani hakupi ushauri wa bure. Tutakwenda mchana. Isitoshe, asubuhi Dishon anatoza zaidi.

Jumamosi, 3 Agosti

Wamefika. Basi zima linaimba. Wamevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, samawati, na Mama Nabututu alishuka wa kwanza. Ni mfupi, amenyooka kama mlingoti. Nikageuka haraka nikasalimia ukuta wa posta.

Tulianza vizuri. Nilitangulia, kipaza sauti mdomoni, nikaeleza mnara wa saa. Nyuma yangu nikawasikia wakishangaa na kusifu. Kisha ujumbe ukanifikia. Mama Nabututu alimwambia Beldina, Beldina akaja mbio akaniambia, kwamba mkwe anakwenda kasi kama anayefukuzwa. Nikamjibu Beldina kwamba namwomba mama radhi. Beldina akarudi akamwambia. Mimi na mama tulitengana hatua chache tu. Sote tulisikia yote mara mbili.

Kwenye uzio wa swala nilitaka kuonyesha ubingwa. Kipaza sauti kina kitufe ambacho muuza sumu hakunieleza. Nilikibonyeza. Kikapiga king'ora kama cha zimamoto. Swala wote wakatoweka, mpaka wa mbali kabisa. Tumbili hawakutoweka. Walishuka mitini kuja kuangalia kuna nini, wakakuta mikate ya akina mama.

Nilitarajia kulaumiwa. Badala yake walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Mama Nabututu hakucheka. Alimtazama tumbili mmoja akila mkate wake, akamwambia Beldina amwambie mkwe kwamba angalau mnyama huyu ameshiba.

Chakula cha mchana kikawa kwa Rosa, kibanda cha samaki kule ufukweni. Rosa ni rafiki wa kila mtu mwenye njaa. Alileta ngege wazima na ugali unaofuka moshi, na akawaonyesha wageni jinsi ya kuanzia nyama ya shavuni. Kwa kuwa siwezi kula mbele ya mama mkwe, nilikula nimesimama nyuma ya kibanda, kati ya mitungi ya maji na bata wa Rosa. Kupitia mwanya wa mabati nilisikia kimya. Kimya cha watu wanaokula kitu kizuri kweli. Kisha sauti ya Mama Nabututu ikamuuliza Rosa, je, hapa mnakula hivi kila siku? Rosa akasema ndiyo, ziwa likikubali.

Nilijisikia fahari kana kwamba samaki ni wangu.

Shauri la pili: usiache sahani yako karibu na bata.

Jumapili, 4 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya ibada tulipita Kibuye, na soko la Jumapili likawameza akina mama. Vyungu, mikeka, omena, dagaa wa ziwani waliokaushwa, wanaometameta kama shilingi mpya, nguo za mitumba mlima kwa mlima. Sikuhitaji kueleza chochote. Kibuye hujieleza yenyewe. Walitoka wamejitwika vyungu vichwani, wakifurahi.

Mchana tukapanda boti. Vyungu vikabaki kwa Rosa. Nilikaa ncha ya mbele, mgongo kwa wote, kipaza sauti magotini. Mama Nabututu alikaa nyuma kabisa karibu na Dishon. Ziwa lilikuwa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Akina mama wakaanza wimbo, na sauti zao zikatembea juu ya maji mpaka wavuvi wakaacha nyavu wakasikiliza. Nilijiambia, Dalmas, umefaulu.

Upepo ukageuka.

Magugu yalikuja taratibu, kijani kibichi, na maua ya zambarau mazuri sana. Akina mama wakayasifu. Wakachuma. Kisha yakawa kila upande. Injini ikakohoa ikanyamaza, pangaboi lake limesokotwa na mizizi. Dishon akasukuma kwa kasia, kasia likabaki mikononi mwa magugu. Na ule upande mmoja unaovuja ukaanza kuvuja kwa moyo wote.

Nikasimama niite msaada kwa kipaza sauti. Hapo magugu yakainuka mbele yangu yenyewe, na chini yake kulikuwa na masikio mawili, macho mawili, na pua kubwa kama viatu. Kiboko. Yule niliyewaahidi. Alikuwa karibu sana kiasi kwamba nilisikia anavyopumua.

Wimbo ulikatika. Mimi nilibaki nimesimama, kidole kikiwa juu ya kitufe cha king'ora. Sijui kama ningebonyeza. Nadhani ningebonyeza.

"Baba Lornah," sauti ikasema nyuma yangu. "Keti chini."

Haikuwa sauti ya Beldina. Nikageuka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nilimtazama Mama Nabututu usoni. Ana macho ya Beldina. Wala hakuwa ameyaficha.

"Weka hicho kitu mbali na mdomo," akasema, taratibu kama anayemwongelesha mtoto mwenye homa. "Maji yanaingia. Yatoe."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nikaketi. Hatukuwa na kopo, kwa hiyo niligeuza kipaza sauti, nikaziba nyuma kwa kiganja, nikaanza kuteka maji na kuyamwaga nje. Kililia mara moja kidogo, kikafa. Nikateka. Magoti yalilowa, mgongo uliuma, kiboko alinitazama. Nikateka tu. Nyuma yangu wakaanza tena kuimba, chini chini, wimbo wa kubembeleza watoto, Mama Nabututu akiongoza. Yule mnyama alisikiliza, akageuza kichwa chake kizito, akazama. Magugu yakafunga juu yake kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Sijaona ujasiri kama ule. Sisemi wangu.

Baadaye tukasikia makasia. Obeid, kanzu ameikunja mpaka kiunoni, na wavuvi wa Dunga katika mitumbwi, wakikata njia kwa mapanga. Alikuwa ameketi ufukweni tangu upepo ulipogeuka, akituangalia. Alitufunga kamba. Hakusema neno juu ya asubuhi wala mchana. Aliwauliza akina mama kama wamelowa, akawapa pole, akaanza kuwatajia majina ya vilima vya ng'ambo kana kwamba hii ndiyo sehemu ya ziara waliyoilipia.

Tulivutwa polepole kuelekea ufukweni jua likizama nyuma yetu. Wote wakageuka kulitazama. Maji yakawa shaba, kisha waridi, na ndege weupe wakapita kwa mstari mrefu kwenda kulala. Mama Nabututu alitumbukiza mkono ziwani akauacha humo. Nilimsikia akimwambia Beldina kwamba amekaa miaka yake yote mwendo wa siku moja tu kutoka hapa, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu kikubwa hivi na kizuri hivi.

Mimi niliendelea kuteka maji. Hakuna aliyeniambia niache.

Jumatatu, 5 Agosti

Wameondoka. Nilisimama mbali, chini ya mti wa jakaranda upande wa pili wa barabara, kama inavyofaa. Niliona Beldina akizungumza na mama yake mlangoni pa basi. Wakazungumza sana. Beldina alikuwa na mkoba begani. Niliutazama mkoba ule kama mtu anavyomtazama hakimu.

Dereva akawasha injini. Beldina akamkumbatia mama yake, akashuka. Basi likaondoka bila yeye.

Nilimuuliza mama amesema nini. Akasita, kisha akaniambia. Mama amesema kwamba mkwe wake ni mpumbavu, na hilo alilijua tangu harusi. Lakini amekaa nyuma ya mgongo wake mchana kutwa, akauona ukiinama na kuinuka mpaka nchi kavu bila kupumzika hata mara moja, na mgongo wa namna hiyo anaweza kuuachia binti yake. Kisha Beldina akanipa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Wa mkwe, akasema. Kutoka kwa mama mwenyewe.

Beldina akanifuta tope la jana shingoni.

Mkoba ulikuwa na vitambaa vya cherehani.

Jioni nikampelekea Obeid paja la huyo jogoo na ugali. Akanikaribisha mkekani. Ni mtu mzuri kweli, naandika hapa ambapo hatasoma. Akaniambia akina mama wamemwomba awatembeze tena Desemba. Nikasema vyema, kwa sababu mimi Desemba nitakuwa na shughuli.

Jumanne, 6 Agosti

Sifa zimeenea. Wavuvi wamesimulia, Rosa amesimulia, na leo walimu wa shule moja ya Eldoret, waliokuwa wakila kwake, wameniulizia. Wanataka kuona mahali pengine pa ziwa, pasipojaa watu, pasipo gharama. Nikawaambia bila kusita: Port Victoria. Nimewaeleza machweo yake, samaki wake, ukarimu wa watu wake. Tunaondoka Jumamosi, na watu wanazidi kuandikishwa.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Kujua kama mtu hupitia Siaya au Busia. Kujua wageni hulala wapi. Sitamuuliza Obeid, maana atanipotosha.

Beldina amesimamisha cherehani akaniuliza kama nimewahi kufika Port Victoria hata siku moja. Nikamweleza kwamba kiongozi aliyekwisha kufika mahali hana tena cha kustaajabia, na wageni hulitambua hilo mara moja.