Ndama wa Karatasi na Chapa ya Kina Haskett

Jumatatu, 8 Aprili
Samahani, daftari. Dada Corinne alikununua Krismasi, nikaahidi kuandika kila siku. Ndiyo kwanza naanza. Boone mchanga halali, nami silali.

Naanza kwa hofu. Mwalimu kasema binti yangu Maren asiposoma kwa sauti mbele ya watu kufikia Ijumaa, atarudia darasa la pili. Kusoma anajua, ila kimoyomoyo. Nimemwambia atasoma na mjadala umefungwa. Kisha nikamsuka nywele taratibu.

Nina mpango. Naongoza Wiki ya Kauboi maktabani. Kila mtoto ana chapa yake, alama kama ile wanayochomwa ng'ombe. Akimaliza kitabu, anabandika ukutani ndama wa karatasi mwenye chapa hiyo. Ijumaa, mwenye ndama wengi anawasomea wazazi. Atakuwa Maren. Nitahakikisha.

Jumanne, 9 Aprili
Nilimchorea Maren chapa mwenyewe: mwezi mchanga juu ya mstari. Ndama wake wakajaa ukuta. Roho ikatulia.

Kaingia Janelle Haskett, mama wa mtoto mwenzao Tuck, na lile tabasamu lake. "Mwenzangu, hiyo chapa yetu. Tunawachoma nayo ng'ombe tangu babu yako hajafika Nebraska."

Napita langoni kwao, penye chapa hiyo, kila siku. Kumbe ndiko mkono wangu ulikoiokota.

Nikasema ni karatasi tu. Watoto wote wakanigeukia. Watoto wa ranchi hawa. Tuck akanielimisha kwa upole kwamba ndama ni wa mwenye chapa, akawahesabu wote kuwa wake. Hakuna aliyebisha. Hata Maren.

Jumatano, 10 Aprili
Nilijitolea kufunga maktaba. Kalamu nene nyeusi. Mstari mmoja zaidi juu ya kila mwezi, na tayari ni chapa nyingine kabisa. Nimelala na viatu.

Alhamisi, 11 Aprili
Mzee Orrin, baba mkwe wa Janelle, alikuja kumchukua Tuck. Maisha yake yote alikagua chapa za ng'ombe mnadani. Akavaa miwani, akamsogelea ndama mmoja, akamnusa. Akauliza nani kaongeza mstari.

Nikajifanya napanga vitabu. Akasema zamani mtu wa namna hiyo alinyongwa bila kusubiri kukuche.

Janelle kasema kesho hakuna usomaji, kuna kesi. Eti utani. Hakucheka. Na Maren wangu atasoma lini?

Ijumaa, 12 Aprili
Wazazi walifurika, na mikate ya mdalasini. Mzee Orrin, hakimu, akataka mtoto mmoja asome kanuni za ukutani. Nilizibandika mwenyewe. Tuck akainuka. Maren akamwahi.

Akazisoma zote, sauti ikafika maegeshoni. Ya nne aliirudia: usibadilishe chapa ya mwenzako. Kisha akaninyooshea kidole. "Ni mama. Nilimwona. Na mistari yenyewe imepinda."

Mwalimu, kule nyuma, akaitikia kwa kichwa.

Nimehukumiwa kufagia maktaba mwezi mzima. Nilifagia nikilia. Janelle akadhani ni aibu, akanisugua mgongo. Nikamwacha adhani.

Jumamosi, 13 Aprili
Mwalimu kapiga simu. Maren kavuka. Ila hesabu zake za kutoa, kasema, zinatia wasiwasi. Sikupata usingizi.

Nina mpango. Wiki ya Mnada. Corinne anatuma kifurushi, na bado nahitaji:
nepi za Boone, kubwa kidogo;
kahawa;
nyundo ya dalali;
kalamu nyeusi isiyo na harufu;
na kile kitabu cha chapa zote zilizosajiliwa Nebraska, nione ni zipi ambazo wenyewe wameshahama.