Kuhusu Mgongo Wangu Ulioonekana Kwenye Video ya Binti Yangu

Kwa Daktari Oyarzún,
Kliniki ya Viungo, Bara.

Daktari Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na viungo vyako vyote. Mimi ni Belarmino Chiguay wa Punta Coligual, hapa kisiwani Chiloé, baba yake Yasna, yule msichana ambaye vidole vyake hukunjika kinyumenyume. Kwa kuwa kivuko hakiaminiki majira ya baridi, ulituagiza tumrekodi kwa simu: kidole gumba kikigusa kigasha cha mkono, kisha viwiko, magoti, na mwisho viganja sakafuni bila kukunja miguu. Tulitii. Mke wangu Uberlinda alishika simu, jikoni kwetu. Jibu likaja kwamba Yasna ana alama saba kati ya tisa za ulaini wa viungo. Hapo sina neno.

Neno langu ni juu ya sentensi iliyofuata, ambayo Uberlinda aliisoma kwa sauti mbele ya majirani: "Na yule bwana anayepita nyuma, aliyeinama kuokota andazi la viazi, naye tunaomba tumwone. Anaelekea kupata tisa."

Malalamiko yangu ni haya.

1. Sikuomba kupimwa. Milcao, andazi letu hilo la viazi, ikianguka, mwenyewe huiokota. Sijasikia popote kwamba mtu aliokota chakula chake akapewa alama.

2. Kijiji kizima kinajua kuwa mgongo wangu ulikauka miaka ishirini na miwili iliyopita. Ndiyo maana sichimbi viazi, na ndiyo maana Uberlinda hunifunga kamba za viatu kila asubuhi. Tangu barua yako ifike natembea kamba zikiburuzika matopeni. Nilipomkumbusha, alinijibu bila kugeuka, "Viganja vimefika hadi sakafuni, baba Yasna. Viatu si viko hapohapo njiani?"

3. Jumamosi tuna minga, yaani msaragambo wa kijiji. Tunaihamisha nyumba ya jirani yetu Arnoldo Cheuquemán, nzima nzima, juu ya magogo, kwa ng'ombe na kamba na mabega ya watu. Kwa ajili ya mgongo, kazi yangu siku zote imekuwa kuwapigia ng'ombe kelele, kisha kukaa mezani kula na wavuta kamba. Sasa Arnoldo amenitengea kamba, tena nene. Amesema, "Mwenye tisa atavuta mbele." Daktari, sina heshima nyingine hapa kijijini zaidi ya ile kelele na ile meza, na zote mbili unaninyang'anya.

Kwa hiyo naomba alama zangu zishushwe hadi mbili. Saba zinazobaki mpe Arnoldo, ambaye hata kujikuna mgongo hawezi na bado anaringa. Ikishindikana, andika kwamba aliyeonekana ni shemeji yangu. Shemeji ni marehemu, lakini hakuwa mtu wa kukataa kusaidia. Na hilo nalo likishindikana, serikali ipige marufuku simu katika majiko yote nchini, maana tukinyamaza leo, kesho tutapewa alama tukipiga magoti kanisani.

Wasalimie wauguzi wote, na yule anayezitazama video mwambie kwamba nyuma ya mgonjwa huwa kuna watu wanaishi.

Wako mwenye mgongo mgumu,
Belarmino Chiguay

Nyongeza: Yasna amenisomea ukurasa wa pili wa barua yako, ule niliokataa kuusikiliza. Kumbe ulaini huo ndio ugonjwa wenyewe, na hurithiwa, na mwenye nao huumwa mgongo kwelikweli. Daktari, wangu uliniuma miaka yote hiyo. Nilidhani kila mtu unamuuma hivyohivyo, kwamba wenzangu wanavumilia na mimi ni mvivu tu. Ndipo nikasingizia kwamba umekauka. Uberlinda alisikia, akapiga magoti akanifunga viatu mafundo mawili mawili, huku machozi yanamtoka. Basi malalamiko yote nayafuta. Tisa zangu nirudishie, na Arnoldo asipewe hata moja. Ila umeandika pia kwamba dawa yake ni mazoezi ya kuimarisha misuli, na sasa hivi Uberlinda ameshika kalamu anakuuliza kama kuvuta nyumba kunahesabiwa. Nakusihi, usimjibu kabla ya Jumapili.