Dakika Moja ya Kusimama

Jumatatu, 2 Desemba

Nimebwagwa. Si mara moja. Tena na daktari wa meno!

Niandike vizuri, mtu asije akapotosha baadaye. Jioni, kwenye chuo chetu cha jujitsu hapa Méier, Rio, joto la kufa mtu, feni moja haifanyi kazi. Mwalimu Juvenal akaleta mgeni, huyo daktari, jina lake Gleidson. Kiuno chembamba, meno ya kwenye tangazo, mkanda mweupe ambao bado una mikunjo ya dukani. Akasema amecheza mieleka tangu utotoni, sasa anataka kujifunza jujitsu. Mwalimu akaniambia nimpokee mimi. Mkanda wa kahawia, hatua moja kabla ya mweusi, kwa miaka ambayo sipendi kuihesabu! Mtu ambaye miguu yake inaogopwa mpaka ng'ambo ya reli! Mchezo wangu unajulikana: nakaa chini mwenyewe, namvuta mtu katikati ya miguu yangu, namfungia humo, namkaba taratibu mpaka agonge mkeka kuomba aachiwe.

Tukagonga viganja. Nikaona dari. Tukaanza upya, nikaona dari tena. Kila nikitaka kukaa, jamaa ameshanikumbatia mapaja yote mawili na kuninyanyua. Na kila akinitua ananiambia, "Samahani, kaka." Samahani ya nini? Nilikuwa naelekea huko huko chini. Kanipunguzia safari tu.

Baadaye Mwalimu akaniita pembeni. Goti lake limekwisha. Jumanne ya wiki ijayo anahamia Fortaleza kwa binti yake, harudi. Jumamosi kuna mapambano ya ndani, Jumapili anagawa mikanda. Amebakiza mkanda mweusi mmoja wa kutoa kwa mkono wake, wa mwisho maishani, na anataka uwe wangu. Nilitaka kulia. Nimeungoja huo mkanda kuliko nilivyongoja kitu chochote, pamoja na mke.

Halafu akaweka sharti. Nipambane na Gleidson, na nisimame dakika moja. Basi. Nishinde au nishindwe, si hoja. Nikiangushwa niinuke, nisimame tena. Ila tu nisikae mwenyewe. "Dirceu, mwanangu," akaniambia, "tangu nikujue sijawahi kukuona umesimama."

Nimemsimulia dada yangu Ivone, ninayekaa kwake. Akasema mbona rahisi. Ivone hajui mambo ya jujitsu. Nani anagawa mkanda mweusi kwa kusimama? Hata mlingoti unasimama! Ni mtego. Mzee anataka nimshinde daktari lakini anaona haya kusema.

Jumanne, 3 Desemba

Kazini hakuna wateja. Nauza magodoro, na Desemba hakuna anayewaza godoro. Nikapata muda wa kufikiri, nikiwa nimejilaza kwenye lile la bei ghali.

Hoja yangu hii hapa. Mieleka haifanyi kazi kwenye jujitsu. Anayevamia miguu anatanguliza shingo. Kimono, vazi letu la mazoezi, nacho kina kola na mikono, ukivishika vizuri mtu hafiki popote. Halafu hata akikuangusha, amefanya nini? Amejipeleka nyumbani kwangu. Anapata pointi mbili. Pointi! Sisi watu wazima tunakaba.

Mkakati: nikamwazima Gleidson kimono changu cha zamani, kile kizito, kola nene kama mto wa kochi. Nikamwambia chake chepesi mno, kitachanika. Lengo ni kumshika hiyo kola nimgandishe.

Alikipenda. Kila nikishika kola anaukwanyua mkono wangu kwa mikono yote miwili, halafu anakuja. Na uzito wa kile kimono ukawa unaongezeka juu yangu nikiwa chini! Mwisho wa mazoezi akatangaza mbele ya wote kwamba hajawahi kuona mtu mkarimu kama kaka Dirceu. Watu wakapiga makofi. Kimono ameondoka nacho.

Jumatano, 4 Desemba

Leo nilimkamata. Naandika ukweli mtupu: nilimkamata shingo.

Alivamia miguu, kichwa nje, kama nilivyotabiri. Nikapitisha mkono chini ya kidevu, nikafunga kabali, nikarudi nyuma naye. Nikasikia mtu ukutani anasema, "Eh, mzee kampata!" Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Kilichofuata kinahitaji maelezo. Jamaa akavuka miguu yangu, akatua ubavuni, shingo yake bado mkononi mwangu. Hapo kila mwenye mkanda wa bluu anajua cha kufanya: achia. Kabali ikishapoteza miguu si kabali tena, ni mkono wako umekwama chini ya bega la mtu, na hilo bega linakuja kooni kwako. Somo hili nalifundisha mimi kwa wanafunzi wapya kila mwezi.

Sikuachia. Ningeachiaje? Wote walikuwa wameshaona nimempata! Nikakaza. Na yeye akaegemea. Kadiri nilivyokaza ndivyo bega lake lilivyonikaa kooni, mpaka macho yakaingia giza nikagonga mkeka. Nimekabwa na kabali yangu mwenyewe. Jurema alicheka mpaka akakaa chini. Jurema ni nesi, mkanda wa kahawia kama mimi, mwili mdogo, mdomo mkubwa.

Daktari akanisaidia kuinuka. Akaniambia nina jino limetoboka upande wa kushoto, aliliona nilipokuwa napumulia mdomo. Niende kwake, hataniumiza.

Alhamisi, 5 Desemba

Gleidson kanifuata kwenye benchi na bakuli la asai, rojo baridi la matunda. Akaniletea na mimi. Akasema anaona nina miguu ya ajabu nikiwa chini, hajui hata aanzie wapi kuitoka. Tubadilishane: mimi nimfundishe chini, yeye anifundishe kusimama. Mambo madogo tu, akasema. Namna ya kuweka nyonga nyuma, namna ya kumsukuma kichwa anayekuja. Siku mbili zinatosha kwa dakika moja.

Kwa hiyo anaijua hiyo dakika! Mzee kamwambia. Wamekaa, wamenijadili.

Nikamjibu kwamba nashukuru, mgongo unanisumbua. Asai nilikula. Jurema, aliyekuwa anasikiliza bila haya, akaruka: "Daktari, nifundishe mimi basi!" Wakaenda kwenye kona wakafundishana mpaka chuo kinafungwa. Jurema anavamia miguu ya watu kama kuku aliyekosa breki. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Ijumaa, 6 Desemba

Mkakati wa mwisho, na huu hauna tundu. Sheria inasema nikikaa kabla hajanigusa miguu, hapati pointi. Nikikaa akiwa ameshaishika, anapata mbili. Kwa hiyo siri ni kasi. Jioni nzima nimefanya mazoezi ya kukaa, sebuleni. Kusimama, puu! Kusimama, puu! Jirani wa chini kapanda kuuliza kama tunahamisha kabati.

Ivone alitoka jikoni. Akaniuliza, kaka, si Mwalimu alikuambia usimame? Nikamweleza tena kuhusu mtego. Akasema, "Yule mzee kakulea tangu una nywele. Kwa nini akutege?" Nikamwambia wali unaungua. Haukuwa unaungua.

Jumamosi, 7 Desemba

NIMESHINDA!

Yaandikwe hivyo, mambo mengine baadaye. Watu walijaa kuzunguka kuta zote. Ivone alikuja, kavaa lile gauni la kanisani. Mwalimu alikaa kwenye kiti mbele kabisa, goti limefungwa bandeji, saa mkononi.

Tukagonga viganja. Nikamshika kola, naye akanishika mikono, tukazunguka. Nikashangaa. Haji! Anazunguka tu, ananitazama usoni, na nadhani alinikonyeza. Nikaona, huyu anaogopa! Nikasimama vizuri zaidi. Halafu Jurema akaanza, "Hivyo hivyo, Dirceu! Bado kidogo!" Wengine wakadakia. Chuo kizima kinanipigia kelele nisimame. Mwalimu akainuka kwenye kiti, na goti lile.

Nikajiuliza wana nini hawa. Hakuna mtu aliyewahi kunishangilia. Wananicheka. Sikujua nifanye nini na mikono, sikujua nitazame wapi. Chini nakujua. Nikakaa.

Gleidson alibaki ameduwaa, mikono hewani. Hakuwa amenigusa hata goti. Nikamvuta, nikamfungia miguu shingoni na mkono mmoja ndani, nikakaza. Akagonga. Mkanda wa kahawia oyee! Nikainua mikono juu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu alikuwa anaiangalia saa. Zilibaki sekunde sita dakika iishe, Ivone kaniambia njiani.

Wivu ni kitu kibaya sana.

Jumapili, 8 Desemba

Mkanda mweusi kapewa Jurema.

Jana, wakati mimi nakunywa maji ya ushindi, alipambana na fundi bomba mmoja mwenye mwili wa jokofu. Akamvamia miguu, akasukumwa. Akavamia tena, akaangukia uso. Mara ya tatu jokofu likaenda chini. Alishindwa kwa pointi mwishoni. Alishindwa! Mimi nilishinda!

Mwalimu alimfunga mkanda huku machozi yanamtoka. Halafu tukapanga mistari miwili kama desturi, kila mtu na mkanda wake mkononi, Jurema akapita katikati tukimchapa mgongoni. Nilimchapa kwa nguvu kuliko wote. Alipofika mwisho akarudi akanikumbatia, akalia begani kwangu. Kimono changu kimelowa. Sikujua niweke wapi mikono.

Nilimfuata Mwalimu mlangoni. Nikamwambia nilimkaba daktari, mbele ya macho yake, kwa miguu yangu hii. Akasema, "Nilikuona, mwanangu." Akanishika shavu, akaondoka anachechemea. Nimekaa bafuni muda mrefu. Inauma. Sitaandika zaidi.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimefika kwenye hitimisho: tatizo ni kwamba nilishinda haraka mno. Ningemkaba taratibu, wangeelewa.

Jioni simu ikalia. Mwalimu! Sauti ya uchovu, nyuma yake mtu anafunga masanduku kwa utepe wa gundi. Akasema hajalala. Mikanda mipya imekwisha, lakini upo wake mwenyewe, ule aliofungwa na mwalimu wake, umechanika pembeni mpaka nyuzi nyeupe zinaonekana. Hataki kwenda nao Fortaleza ukaozee kabatini. Nije kesho alfajiri, chuo kitakuwa kitupu, hakuna wa kunitazama. Tutasimama mimi na yeye, na goti lake hilo hilo bovu. Hatanivamia. Dakika moja tu, kisha nitaondoka na mkanda wake kiunoni.

Nikamwambia Mwalimu, nakuja, naapa nakuja. Akacheka kwa furaha, nikamsikia anamwita binti yake, aliyekuja kumchukua, amwambie.

Halafu nikapata wazo. Wazo zuri, la huruma kabisa, kwa ajili ya goti lake. Mkeka ukijaa watu huwa tunaanza mapambano tukiwa tumepiga magoti, ni kawaida, kila chuo Rio kinafanya. Nikamwuliza kama kesho hatuwezi kuanza hivyo.

Simu ikakatika.

Mtandao wa Méier siku za mvua ni wa ovyo kabisa. Atapiga tena.