Safari ya Theluji na Kibali Kilichokwisha

Jumatatu, 7 Julai 2025
Balaa limeingia na mteja kitini. Njoroge, Mkenya wa benki kule Sandton, kaja kinyozini kwetu Kensington kutangaza safari. Ijumaa tunakwenda Lesotho kuteleza kwenye theluji! Siku tatu, gari lake. Fauzia, ninayetaka kumwoa, yumo. Kaka yake Muhammad yumo. Kaniuliza kama nitaweza baridi.

Nikasema theluji naijua, nimeteleza sana Uturuki. Uturuki yenyewe nilipita uwanja wa ndege tu, nikisubiri ndege nyingine.

Tatizo ni mpaka. Kibali changu cha kuishi hapa kilikwisha Novemba na hakuna anayejua. Nikitoka nchi hii, sirudi. Na mwezi ujao mshenga wangu anapeleka posa kwa Muhammad, ambaye siku zote husema hamwozi dada yake kwa mtu asiyeeleweka. Nikikataa safari, atauliza kwa nini.

Mteja kaondoka na sharubu upande mmoja.

Jumatano, 9 Julai
Mpango wa kwanza: ugonjwa. Nimekohoa tangu alfajiri mpaka majirani wa Hillbrow wakagonga ukuta. Muhammad kaja mbio na asali, habasoda na tangawizi. Kanisugua kifua kwa mikono yake. Kasema hewa ya mlimani ndiyo dawa yenyewe.

Nimepona kwa lazima. Mtu huyu ananipenda, na jambo hilo linaniumiza.

Alhamisi, 10 Julai
Mpango wa pili hauna kasoro. Nitasahau pasipoti! Nimeifukia ndani ya mfuko wa mchele. Kesho, karibu na mpaka, nitajipapasa mifukoni na kupiga yowe. Watanihurumia, watanishusha, nitarudi na heshima zangu. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekwisha.

Asubuhi walipita kunichukua. Fauzia kaona mfuko wa mchele mlangoni, kasema tuubebe, huko juu atatupikia pilau. Ningemkataliaje? Kakaa kiti cha nyuma na ungo mapajani, akichagua mchele njia nzima. Nilipopiga yowe kuwa nimesahau pasipoti, yeye kacheka na kuitoa mkobani. Aliikuta kwenye mchele tangu tulipopita Heidelberg, mwanzo kabisa wa safari. Kasema kumbe naficha vitu kama bibi yake wa Tanga.

Hapo Muhammad kamwomba Njoroge asimamishe gari. Kasema kwa upole kwamba kama kuna mwenye tatizo la kibali aseme sasa, si aibu, tutageuza tukachome nyama mahali popote. Kaniangalia mimi. Na mimi nikasema changu kinakwenda mpaka 2028.

Kwa nini 2028? Hakuna aliyeniuliza mwaka!

Mpakani ofisa kaniita pembeni. Kagonga muhuri, kanipa karatasi: nimepigwa marufuku kurudi kwa miaka mitano. Muhammad kauliza ile karatasi ni ya nini. Nikasema ni fomu ya wageni wazoefu. Akaitazama mara moja, akarudi garini.

Jumamosi, 12 Julai
Theluji ni nyeupe na ngumu, basi. Njoroge anateleza vizuri, hasidi yule. Kaniomba niwaonyeshe ya Uturuki. Nimekwenda mita kumi, nikaingia kwenye uzio kwa uso.

Muhammad kanifuata na chai. Kaketi kando yangu, kauliza kama nina neno la kumwambia. Niliogopa. Nikasema viatu vinabana.

Pilau ilikuwa tamu sana. Nimekula nikilia, nikawaambia ni pilipili.

Jumapili, 13 Julai
Njoroge kavuka. Fauzia kavuka, katangulia garini. Mimi nikarudishwa kwenye foleni, mbele ya watu, ofisa akisoma jina langu na miaka yangu mitano kwa Kiingereza cha sauti kubwa. Njoroge kainamisha kichwa. Heri angecheka.

Muhammad karudi mpaka kwenye kizuizi. Kasema ile karatasi aliitambua tangu Ijumaa, rafiki yake alipewa kama hiyo. Kasema yeye mwenyewe alikaa Hillbrow miaka minane bila kibali, akilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Kibali changu hakikuwa na uzito kwake. Alitaka tu kujua kama nitamwambia. Kisha kasema mficha uchi hazai, na kwamba nisimtume mshenga.

Kavua koti lake kanivika. Nimetazama gari mpaka likapotea.

Jumanne, 15 Julai
Butha-Buthe, mji wa huku huku Lesotho. Chumba cha bati, maji ya kwenye ndoo yameganda. Nimemnyoa mwenye nyumba, kaniachia nilale hadi Jumamosi.

Fauzia kaandika. Kasema kaka yake ana hasira, lakini atampoza. Kasema yuko tayari kusubiri, hata iwe miaka kumi. Anataka kitu kimoja tu kwangu, na hataniomba tena: nimwambie ukweli, nimefungiwa kwa muda gani. Njiani Muhammad hakutaka kumwambia, wala Njoroge. Muhammad kasema hilo ni langu kulisema.

Nimesoma ujumbe ule mara nyingi. Nimelia wazi, hapakuwa na pilipili ya kusingizia. Kwa nini mtu mwema hivi aumie kwa ajili yangu? Nikaona nimpe moyo.

Nimemjibu: wiki mbili tu, kompyuta yao ilikosea.