Magauni Matano ya Kuraruka

Jumatatu, 3 Machi

Leo ndiyo leo! Bosi ametangaza kwamba tamthilia yetu mpya, ya shujaa wa kike mwenye nguvu za ajabu, itaanza kupigwa picha mwezi ujao. Atakayeandika sehemu ya kwanza, ile ya asili ya shujaa, ndiye atakayekuwa kiongozi wa waandishi. Kiongozi! Kiti chenye magurudumu! Miaka kumi na moja nimekalia kiti cha plastiki kinachobana mapaja.

Shujaa anaitwa Tetemeko. Ni fundi wa lifti. Akipiga mguu chini, ardhi inatikisika. Hayo yamekubaliwa. Limebaki swali moja tu: nguvu zenyewe alizipata wapi?

Mpinzani wangu ni mmoja. Miwani, yule binti wa meza ya dirishani. Ana miaka miwili tu kazini na huongea kwa upole. Watu wanaoongea kwa upole siwaamini hata kidogo.

Jibu ninalo tayari. Limenijia nikipiga mswaki. Alibakwa! Akalia, akanawa uso, akawa na nguvu. Mhusika wa kike lazima awe na jeraha, na jeraha la mwanamke ni hilo, kila mwandishi anajua. Kwenye ubao wetu kadi za buluu ni matukio, za njano ni vichekesho, nyekundu ni majeraha. Nimechukua nyekundu. Nimeibandika katikati kabisa, kwa pini tatu.

Jumanne, 4 Machi

Kadi imebanduliwa. Pini zangu tatu nimezikuta mezani, zimepangwa vizuri kwa mstari. Kwa upole. Sihitaji kuambiwa ni nani.

Kikaoni Miwani akaniuliza shujaa wetu wa kiume wa mwaka jana alizipataje nguvu zake. Nikajibu kifua mbele, maana nilimwandika mwenyewe: alipigwa na radi akifunga antena juu ya bati. Akauliza alilia kwa sehemu ngapi. Nikasema hakulia, aliruka angani palepale. Basi akataka kujua kwa nini Tetemeko naye asipigwe na radi.

Nikacheka. Mwanamke apigwe na radi hivihivi, bila sababu! Nani ataamini? Nikagundua ninacheka peke yangu. Mtoto wa watu akaendelea: katika tamthilia sita za mashujaa wa kike tulizozitazama kujifunza, tano zina kadi nyekundu ileile. Nikamwambia si unaona? Watu watano hawawezi kukosea!

Bosi akakuna kidevu. Ataamua Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Utafiti. Mwandishi wa kweli hutafiti.

Nimeanza nyumbani, yaani kwa dada yangu mkubwa, ninakokaa kwa muda. Ni mwaka wa nne sasa. Dada huendesha kreni kwenye majengo ya ghorofa na hakuna mwanamume kazini kwake anayethubutu kumkatiza. Nimemkuta anakaanga mayai. Nikamuuliza ni kitu gani kilichompa nguvu. Akasema kukaa na mimi. Nikamwomba aache utani. Akasema hajatania.

Nikazungukazunguka, nikauliza kama hakuna jambo fulani la giza, la zamani, analolificha. Akazima jiko. Akaniambia, mdogo wangu, swali hilo mtu haulizwi akiwa ameshika mwiko, tena haulizwi ili wewe upate kiti. Kisha akala mayai yote, na yangu pamoja.

Matokeo ya utafiti: hayatoshi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejifunga kibwebwe. Kadi wakitaka wabandue, nguo hawataweza!

Hapa kwetu kuna desturi moja: kilichoshonwa lazima kipigwe picha. Bosi hakubali kitambaa kipotee bure. Mwaka jana tuliandika harusi nzima kwa sababu shela ilishonwa kimakosa. Kwa hiyo nimejaza fomu ya mavazi: “Gauni la Tetemeko, la kuraruliwa begani. Matano.” Matano kwa sababu tukio hurudiwa mpaka litoke sawa, na kila likirudiwa linataka gauni zima la kurarua. Fomu nikaichomeka katikati ya fomu za likizo. Bosi akasaini zote bila kuinua macho. Nilitamani nijipongeze kwa sauti.

Nikaipeleka mwenyewe kwa Mama Fundi, mshonaji wetu. Mama wa makamo, mkimya, miaka yote yupo chumba kilekile. Cherehani yake kaiweka kwenye kona yenye kiza, mgongo kaupa ukuta, uso kauelekeza mlangoni. Dirisha zuri lipo upande wa pili! Nikamshauri aigeuze apate mwanga. Akasema anaona vizuri. Wazee na ubishi.

Akaisoma fomu mara mbili. Akauliza mwigizaji anajua? Nikasema atajua siku yenyewe, ndiyo utamu wa sanaa. Akauliza tena: matano? Nikasema matano. Akakunja fomu, akasema yatakuwa tayari Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Magauni yalitundikwa, matano, ya manjano, yamepigwa pasi. Bosi akatoa macho. Nikamwonyesha saini yake. Akaguna, akasema basi tuone linavyoraruka. Patamu hapo! Mwigizaji alikuwepo, amekunja mikono. Miwani alikuwepo na daftari lake. Nikasema nitaonyesha mwenyewe, kwenye lile sanamu la kushonea lisilo na kichwa.

Nikashika bega la gauni, nikavuta. Halikuraruka. Nikavuta kwa mikono miwili. Wapi! Nikaweka mguu kwenye kiti, nikajikaza kisabuni, nikavuta kwa nguvu zangu zote za kuzaliwa. Sanamu likanijia zima zima. Tukaanguka wote, mimi chini, lenyewe juu, chuma chake kikanikaa tumboni. Mwigizaji alicheka mpaka akakaa sakafuni. Gauni halikutoka hata uzi.

Mama Fundi akaja, akaliinua sanamu, akaliweka sawa bega. Bosi akamuuliza ameshona nini. Akasema uzi wa turubai, mishono mitatu, yote matano. Kisha akaongea, na ndipo kicheko kilipokoma.

Alisema ameshona magauni ya kuraruliwa kwa miaka kumi na tisa, na kila mara huambiwa kwamba hapo ndipo mwanamke anapoanza kuwa na nguvu. Akasema yeye jambo hilo lilimkuta akiwa na miaka ishirini na mbili. Halikumpa nguvu yoyote. Lilimnyima kazi miaka minne, kwa sababu hakuweza kukaa kwenye cherehani huku mtu akipita nyuma yake. Nguvu alikuwa nazo kabla. Ilimbidi azitumie zote kurudi kukaa kwenye kiti. Akasema hana zaidi. Akarudi kwenye kona yake, uso mlangoni.

Nami nilimshauri aigeuze cherehani. Mimi! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kuomba radhi. Nilisimama mlangoni, mbele yake, anione. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Akasema, mwanangu, kama una nafasi nishikie pini. Nikashika kopo la pini saa nzima. Hotuba imebaki mfukoni. Alikuwa anashona suti ya Tetemeko kwa uzi uleule wa turubai. Nilipoondoka akaniambia asante, na nikakaribia kulia kwenye ngazi.

Basi hapa naapa, kwa maandishi yangu mwenyewe: jambo lile sitamwandikia Tetemeko tena. Kamwe! Nimebadilika. Mtu akikosea hujifunza.

Ijumaa, 14 Machi

Kiti kimekwenda kwa Miwani. Sehemu yake ya kwanza: Tetemeko anapaka grisi kamba ya lifti, radi inapiga jengo, inashuka na kamba, inamwingia miguuni. Anapiga chafya, mguu unagonga chini. Ghorofa nne zinatikisika. Anasema “samahani” kwa wapangaji, watano wao wamevaa magauni yale ya manjano, mazima. Basi! Hakuna machozi! Chumba kizima kilipiga makofi, na Mama Fundi, aliyekuwa amekuja kupima mikono ya suti, alicheka hadi akafuta macho. Sijawahi kumwona akicheka. Nilijisikia vizuri sana, nakiri, ingawa radi ile ni yangu, nilianza nayo mimi mwaka jana na hakuna aliyenitaja.

Lakini sijakata tamaa. Miwani, akiwa juu ya magurudumu yangu, akasema kaka, na wewe kuna kazi yako. Tetemeko atakuwa na mdogo wake wa kike, na mimi ndiye wa kumwandika kwa udi na uvumba mpaka watu wanikumbuke. Akanipa karatasi ya maelezo. Miaka kumi na tisa. Anapenda kuogelea. Anacheka ovyo. Hana tatizo lolote.

Hana tatizo lolote! Masikini. Sasa huyo atakuwaje na nguvu?

Nimesoma tena kiapo changu cha Jumanne, neno kwa neno. Kinamtaja Tetemeko. Mdogo wake hakimtaji.

Nimefungua droo. Kadi nyekundu zimebaki mbili.