Kishindo Kilichohamia Kisauni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimepoteza Kishindo. Leo, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, hapa Magongo, nikiwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi. Naandika mimi, Katana, ili iwe kwenye kumbukumbu.

Kishindo ni mlio wa ngoma uliomo katika biti zangu zote, yaani midundo ninayowatengenezea waimbaji. Zote mia mbili na kumi na nne. Mapigo matatu: du, du... ta. La tatu huchelewa. Nimelipima kwenye kompyuta: sehemu hamsini kati ya elfu moja za sekunde. Huko kuchelewa ndiko kunakomtikisa mtu kichwa hata kama haipendi hip hop. Wachungaji wametikisa. Nimewaona kwa macho yangu.

Sasa yuko dada mmoja, Lynnette, ametoka Nairobi na kamera mbili. Anatengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu maprodyuza wa hip hop wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Kila prodyuza aeleze mlio wake mmoja, alivyoupata. Leo ametoa kionjo cha dakika moja na nusu. Na ndani yake amekaa nani? Gershom! Miwani ya jua ndani ya nyumba, anasema Kishindo amekibuni yeye!

Gershom, niliyefanya naye kazi miaka miwili kabla hajahamia Kisauni. Gershom, niliyemfundisha kuwasha kompyuta! (Kompyuta ilikuwa yake. Lakini aliyeiwasha nani?)

Caroline, mke wangu, aliuliza kama kilichopotea nimekitafuta chini ya kitanda.

Nimempigia Lynnette. Nimemweleza kwa adabu kwamba amedanganywa, na kwamba filamu isiyo na mimi ni filamu ya watu waliosimuliwa. Akasema, "Sawa bro, lakini ushahidi uko nao?"

Ushahidi! Mimi! Atakuja Alhamisi saa tatu asubuhi.

Jumanne, 9 Septemba

Siku njema sana. Ushahidi upo.

Tangu nianze kazi hii sijawahi kurekodi hata chafya bila kutangaza mwanzoni: siku, mahali, nani anapiga, nani ameshika nini. Ni kanuni yangu. Gershom alikuwa akinicheka na kuniita karani wa bandari. Acheke sasa! Rekodi ya asili ya Kishindo nimeiona kwenye diski ya zamani, ya mwaka 2016, jina lake MAGONGO 01.

Sijaisikiliza. Ya nini? Si nilikuwepo? Itasikika kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, ili uso wangu uwe na hisia za kweli. Hilo ni jambo la kitaalamu.

Mchana kutwa nimetazama filamu za maprodyuza. Kumi na moja. Katika tisa, prodyuza ameipa kamera mgongo, kisha anageuka polepole na kiti chake. Sekunde nne hivi. Katika saba anafumba macho biti inapoanza. Katika zote kumi na moja hakuna aliyekalia kiti cha plastiki.

Mimi nina kiti cha plastiki.

Jumatano, 10 Septemba

Kiti kimepatikana! Kimani kinyozi amekubali kuniazima kile chake cha kuzunguka, nusu siku. Amenionya kwamba kina tabia yake. Nimemwambia mimi pia nina yangu.

Tumekibeba watu watatu. Nimefanya mazoezi ya kugeuka mara ishirini na sita. Wastani: sekunde nne na robo. Caroline alipita na ndoo, akauliza nanyolewa na nani.

Gershom ametuma ujumbe. Kesho atakuja pia, Lynnette amemwalika ili pande zote zisikike. "Karani, umeshapanga faili?" Nimejibu kwa neno moja: Karibu. Aje aone. Ukutani kwake Kisauni kuna trei za mayai sitini na nne za kuzuia mwangwi. Kwangu tisini na moja.

Tatizo moja dogo. Jirani yangu Mama Kafedha hutwanga mahindi uani kila asubuhi, mlango wake na wangu ni hatua sita. Nimemtuma Caroline amwombe kesho apumzike kuanzia saa tatu hadi saa tano, kuna sanaa. Jibu limerudi hivi: "Muulize Katana, nimwamkie kabisa shikamoo? Kinu hiki kilikuwa hapa kabla yake."

Lakini amekubali. Mama wa watu ana roho safi.

Alhamisi, 11 Septemba

Ningependa kuiruka siku hii. Lakini kanuni ni kanuni.

Saa tatu kamili walifika. Lynnette, mpiga picha, Gershom na miwani yake. Nikageuka na kiti. Sekunde nne na nusu, safi kabisa! Nikasema nilichokiandaa: kwamba katika fani hii wapo wanaobuni na wapo wanaohama na vya wenzao. Gershom akajikuna shingo. Nikafumba macho. Nikabonyeza.

Sauti yangu ikatoka. Nyembamba, ya miaka tisa nyuma, lakini yangu.

"Jumanne, tarehe kumi na tano Novemba. Magongo, uani kwa Mama Kafedha. Anayepiga ni Mama Kafedha na kinu chake. Maikrofoni ameshika Gershom. Katana amemshika kuku asipige kelele."

Kisha: du, du... ta.

Hapo ndipo kiti kilipoonyesha tabia yake. Kilianza kushuka. Polepole, na mlio kama wa mtu anayeguna. Nilikuwa nimefumba macho bado, kwa hiyo nilidhani ni moyo wangu unaoshuka. Nilipofumbua, kidevu changu kilikuwa sawa na meza. Kamera ilinifuata hadi chini.

Lynnette akaniomba niirudie ile ya kuku. Tukairudia. Mara tatu.

Gershom hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alivua miwani, akasema polepole, "Wallahi Katana, nilikuwa nimesahau. Nilidhani ni mimi." Nikamwambia hata mimi nilidhani ni mimi. Kwa dakika moja nzima tulikuwa marafiki. Kisha Lynnette akauliza huyo Mama Kafedha anaishi wapi.

Hatua sita.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamerudi, safari hii na kamera zote mbili. Kwangu walikuja na moja! Hawakuingia kwangu hata kusalimia.

Lynnette alimwomba Mama Kafedha apige kidogo tu, wajaribu sauti. Akakataa. Yeye hatwangi kinu kitupu, si mwendawazimu. Basi mpiga picha mzima akatumwa dukani kuleta kilo mbili za mahindi. Nikajitolea kuyamimina, nionekane walau mkono. Mama Kafedha akanipokonya bakuli, akasema namwaga kama nalisha bata.

Halafu akatwanga.

Na hapa nitaandika nilichokiona, ingawa hakuna anayeniuliza. Anapiga moja. Anapiga mbili. Kisha anaurusha mchi juu, anapiga kofi moja hewani, anaudaka, anashusha. Ta! Ndiyo maana la tatu linachelewa. Ni kofi! Katika rekodi ile kuna kelele ndogo kati ya pigo la pili na la tatu. Miaka tisa nimekuwa nikiifuta kwenye kompyuta nikidhani ni mlango.

Lynnette akamuuliza kofi ni la nini. Akajibu kwamba bila kofi mkono unakufa ganzi, na kwamba kwao Rabai alifundishwa hivyo na mamake, na kwani Nairobi mnatwanga vipi? Lynnette akasema kwao hununua unga. Mama Kafedha alimtazama kwa huruma ambayo sijawahi kuonyeshwa mimi.

Gershom alikuja na leso mpya, jozi nzima. Akampa mbele ya kamera, akaomba radhi kwa kutumia mlio wake bila kumtaja. Akaitwa mwanangu. Akapewa wali na samaki wa nazi. Kuhesabu mapigo hajui, lakini haya ndiyo anayoyajua!

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu. Harufu ilinifikia yote.

Jumamosi, 13 Septemba

Lynnette ametuma mgawanyo wa filamu. Mama Kafedha: dakika kumi na tatu. Gershom: dakika moja na sekunde arubaini. Mimi: sekunde saba.

Nimeuliza ni sekunde zipi.

Za kiti.

Caroline amesema sekunde saba si haba, watu wengi wanakufa bila hata moja. Kisha akaenda kwa Mama Kafedha kumsaidia kuchagua leso ya kuvaa siku ya kuonyeshwa filamu. Mke wangu! Kimani naye amekuja kuchukua kiti chake, akaomba kikitajwa jina lake litajwe pia.

Nimelala mchana wote. Nimeamka na wazo.

Jumapili, 14 Septemba

Nashangaa sikuliona mapema! Kila mtu anazungumzia mapigo. Nani amezungumzia kimya?

Bila kimya kati ya pigo la pili na la tatu, Kishindo hakipo. Kelele tupu. (Kofi halihesabiwi, nililifuta.) Na kile kimya kilikuwepo kwa sababu gani? Kwa sababu kuku hakulia. Na kuku hakulia kwa sababu gani? Ushahidi upo kwenye rekodi, kwa sauti yangu mwenyewe, na wameusikia mara nne!

Nimekwenda kwa Mama Kafedha anitilie sahihi kwamba kuku nilimshika vizuri. Amekataa. Anasema kuku alikuwa wake, kwa hiyo na kimya ni chake, na kwamba nilimbana hadi akaacha kutaga wiki mbili. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi ya prodyuza. Akaninyooshea mchi.

Nimemwandikia Lynnette barua, na nakala yake naiweka hapa:

"Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba, Magongo. Anayeandika ni Katana. Kalamu ameshika Katana. Bi Lynnette, nilichopoteza unakijua na saa niliyokipoteza unaijua. Sitaki maneno mengi wala pole. Mwishoni mwa filamu, chini ya jina la Mama Kafedha na juu ya jina la Gershom, je, yataandikwa maneno haya: Kimya kimetengenezwa na Katana? Nijibu ndiyo au hapana, kesho Jumatatu, kabla ya saa nne na dakika kumi na saba asubuhi."